Ramani huria kwenye dashibodi: majibu kwa wanaozipinga

Kampuni nyingi za Afrika Mashariki siku hizi zina dashibodi. Meneja anafungua kompyuta asubuhi na kuona mauzo ya jana, madeni, mzigo uliobaki ghalani, na mistari inayopanda na kushuka. Kitu kimoja hakimo: mahali. Ukiuliza kwa nini hakuna ramani, namaanisha ramani hai ya kubofya, kukuza na kuchuja kama chati nyingine yoyote, majibu huja haraka na hufanana. Ni pambo. Ni ghali. Za bure hazifai huku kwetu. Zinataka mtaalamu. Si salama. Nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu, wanaozijua biashara zao kuliko mimi, na ndiyo maana naona yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine. Msimamo wangu ni kwamba zana huria zilizopo leo zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachopungua kiko kwingine, nitakitaja tukifika.

Dai la kwanza linasema ramani ni pambo la kuwafurahisha wakurugenzi, na kwamba jedwali linasema yale yale kwa nafasi ndogo zaidi.

Chukua msambazaji wa gesi ya kupikia mwenye mawakala Mbagala, Kongowe, Vikindu na Mkuranga. Wote wako kando ya Barabara ya Kilwa, mmoja baada ya mwingine, na mitungi yao huletwa na gari moja. Tazama sasa dashibodi inavyowapanga. Mbagala imo Mkoa wa Dar es Salaam. Vikindu na Mkuranga zimo Mkoa wa Pwani. Chati ya mikoa inamchanganya wakala wa Vikindu na wenzake wa Bagamoyo, kaskazini ya jiji, na wa Kibaha, magharibi yake, na hata wa kisiwa cha Mafia. Yule wa Mbagala anamezwa na wastani wa Ilala na Kinondoni. Mizigo ikianza kuchelewa kwenye barabara ile, kila mkoa utaonyesha upungufu mdogo usiomshtua mtu. Tatizo ni moja, lakini limekatwa vipande viwili na mpaka ambao gari la gesi haliujui, kisha kila kipande kimefichwa ndani ya wastani. Weka nukta za mawakala kwenye ramani, zipake rangi kwa idadi ya siku za kuchelewa, na utaona mstari mwekundu unaoshuka kutoka Mbagala kuelekea kusini. Jedwali lingeweza kuonyesha hilo pale tu ambapo ungekuwa umeshaishuku barabara yenyewe na kuitengea safu yake, na mtu aliyekwisha kuishuku barabara hahitaji dashibodi kumwambia.

Hata hivyo wanaoiita ramani pambo wana sababu, kwa kuwa ramani nyingi walizoonyeshwa zilikuwa mbaya. Mbaya kuliko zote ni ramani ya mikoa iliyopakwa rangi kwa jumla ya mauzo. Tabora ina ukubwa unaozidi ule wa Mkoa wa Dar es Salaam mara hamsini na zaidi. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu wapatao milioni 5.4 na Tabora wapatao milioni 3.4. Kwa jicho, Tabora ndiyo inayotawala ukurasa, na Dar es Salaam, yenye nusu ya wateja wako, ni doa dogo ufukweni. Dawa yake inajulikana kwa kila mchora ramani: eneo zima lipakwe rangi kwa kiwango, kwa mfano mauzo kwa kila wakazi elfu moja, na jumla zionyeshwe kwa duara zinazokua kwa kadiri ya kiasi. Zana huria kama Leaflet na Superset zinaweza kuchora namna zote mbili. Ramani iliyopotosha ilipotoshwa na aliyechagua kipimo.

Dai la pili ndilo lenye uzito kwangu, maana limebeba uchungu wa kweli: ramani za bure zilitengenezwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya miji yao, na huku kwetu ni karatasi tupu.

OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na wachangiaji, kweli ilianzia Uingereza, mwaka 2004, kwa juhudi za Steve Coast, na kwa miaka kadhaa dai hili lilikuwa sahihi. Hadi mwaka 2009 Kibera ya Nairobi, ambako maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi, kununua na kuuza kila siku, haikuwa na ramani ya wazi ambayo mtu angeweza kuitumia. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe, chini ya mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vipokezi vya GPS wakaandika njia, visima, shule, zahanati na vyoo. Mwaka 2011 kazi ya namna hiyo ilifanyika Tandale, Dar es Salaam. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi mitaani pamoja na wenyeji, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yakiua na hakuna aliyekuwa na ramani ya mifereji. Walichora barabara, majengo na mitaro, na yote wakayaweka OpenStreetMap. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni, Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Nairobi, mradi wa Digital Matatus uliokusanya njia za matatu kwa simu ulitoa ramani yake mwaka 2014 na kuacha data zake wazi kwa yeyote. Mnamo Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam.

Kisha zikaja data za majengo. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure michoro ya karibu majengo milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyosomwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti. Mwaka 2021 Google ikatoa Open Buildings, na bara ililoanza nalo lilikuwa Afrika, kwa majengo zaidi ya milioni 500, chini ya leseni zinazoruhusu matumizi ya biashara. Mtu anayesema leo kwamba ramani huria ya Manzese ni tupu hajaifungua.

Ukitoka mijini hali hubadilika, na hapo nakubali. Katika vijiji vingi vya Katavi au Turkana utakuta barabara kuu, majengo yasiyo na majina, na njia za ndani zilizoachwa. Ila ramani ya kulipia nayo mara nyingi haina njia hizo. Tofauti ni kwamba kwa mwenye kampuni ya kigeni utatuma maombi na kungoja, wakati kwenye OpenStreetMap dereva wako anayeijua barabara anaweza kuichora jioni ileile. Tena kwa dashibodi ya biashara ramani ya chini ni mandhari tu. Nukta zinazoamua jambo, yaani maduka yako, mawakala wako, mizigo yako, hazitoki kwa mtu mwingine. Zinatoka kwenu.

Hapa ndipo penye pengo lenyewe. Fungua daftari la wateja la kampuni ya kawaida, hata lile lililo kwenye mfumo wa kisasa, na utakuta mahali pa mteja pameandikwa: karibu na msikiti, nyuma ya shule ya msingi, uliza kwa Mama Fulani. Maelezo hayo yanamtosha bodaboda lakini hayaiambii kompyuta kitu. Wapo wanaojaribu kuyageuza kuwa majiranukta kwa huduma ya kutafuta anwani, kama Nominatim, ambayo ni huria na hutumia data za OpenStreetMap. Seva yake ya umma inaruhusu ombi moja tu kwa sekunde, lakini mwendo si tatizo. Tatizo ni kwamba anwani zenyewe hazimo. Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, vibao vya mitaa na namba za nyumba vikawekwa, na hiyo itasaidia kadiri watu watakavyozoea kuzitumia. Kwa sasa njia ya uhakika ni kuchukua mahali pa mteja ukiwa mlangoni pake. Karibu simu janja yoyote, hata ya bei nafuu, ina GPS. KoboToolbox na ODK ni programu huria za kujaza fomu kwa simu, zinafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye, na fomu unaziandika kwa Kiswahili. Afisa mauzo akipeleka mzigo anabonyeza mara moja na mahali pameandikwa. Kampuni yenye wateja elfu mbili inaweza kuwa na mahali pa wote kwa mzunguko mmoja wa kawaida wa kusambaza bidhaa. Ninachowasihi wafanyabiashara ni hicho, kabla hata hawajafikiria programu gani waweke: anzeni kuandika mahali. Data hizo zitawafaa hata kama ramani itachelewa.

Dai la tatu ni la bei. Ya bure leo yatatozwa kesho, wanasema, kwa hiyo heri kulipa mapema kwa kampuni inayoeleweka.

Historia inaonyesha kinyume. Hadi mwaka 2018 Google Maps iliruhusu tovuti kufungua ramani mara 25,000 kwa siku bila malipo. Julai mwaka huo masharti yakabadilika: kila mtumiaji alipaswa kuwa na akaunti iliyounganishwa na kadi ya benki, akapewa dola 200 za matumizi kwa mwezi, ambazo zilitosha kufungua ramani mara 28,000 hivi. Ulichokuwa ukikipata kwa siku moja kikawa karibu sawa na cha mwezi mzima. Machi 2025 zile dola 200 nazo ziliondolewa, na badala yake kila huduma ikawekewa kiwango chake cha bure. Silaumu, ni mali yao na wana haki ya kuipangia bei. Lakini aliyejenga dashibodi juu yake alibadilishiwa bajeti na mtu asiyemjua, kwa dola.

Tuangalie ilivyokuwa programu huria ilipofungwa. Mapbox GL JS, programu ya kuchora ramani za kisasa zinazozunguka na kukuzwa bila kukatika, ilikuwa na leseni huria hadi Desemba 2020, wakati toleo la 2 lilipotoka na leseni mpya iliyomtaka kila mtumiaji awe na akaunti ya kampuni. Kwa programu ya kawaida huo ungekuwa mwisho wa habari. Lakini toleo lililokwisha kutolewa huria halirudishwi kabatini. Mwezi huohuo wasanidi programu walilichukua toleo la mwisho lililokuwa huru, wakaanzisha MapLibre, na wengi waliokuwa wakitumia ile ya zamani walihamia kwa kubadilisha mistari michache ya msimbo. Sasa MapLibre inasaidiwa na kampuni kubwa kama Amazon na Meta, na imeendelea mbele ya pale ilipoanzia. Leseni huria haimzuii mwenye programu kubadili nia. Inakuachia mkononi kile ulichokwisha kupewa, na haki ya kukiendeleza wewe au mwingine.

Zana zenyewe si za juzi. PostGIS, inayoifanya hifadhidata ya PostgreSQL ielewe mahali na umbali, ilitoka mwaka 2001. QGIS ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Leaflet, kazi ya mhandisi wa Kyiv aitwaye Volodymyr Agafonkin, ilitoka mwaka 2011. Zote zimepita mawimbi mengi ya biashara ya kompyuta, na zote bado ni bure.

Gharama ipo, na anayesema haipo anapoteza imani ya wasikilizaji wake. Unalipa seva, unalipa saa za mtu wa kuisimamia, unalipa nakala za akiba. Ninachopenda katika gharama hiyo ni kwamba sehemu kubwa inabaki nchini, kwenye mshahara wa kijana wenu wa data, na ujuzi anaoupata unabaki kwenu.

Dai la nne: ramani hai inataka programa, na sisi hatuna.

Mnaye wa kutosha. Metabase inachora ramani ya nukta kutoka jedwali lolote lenye safu ya latitudo na safu ya longitudo, kwa kubofya tu, na ikishawekwa kwenye dashibodi inatii vichujio vilevile vya tarehe na bidhaa. Apache Superset, aliyoianzisha Maxime Beauchemin akiwa Airbnb mwaka 2015, ina ramani za nchi kadhaa zilizo tayari na nyingine za nukta nyingi. Grafana ina paneli ya ramani tangu 2021. Anayejua Python kidogo atatumia Folium, na mistari isiyojaza ukurasa inampa ramani ya Leaflet. Kama bado una shaka kwamba watu wasio programa wanaweza, tazama sekta ya afya. DHIS2, mfumo huria uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, una ramani ndani yake. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinautumia, na wanaofungua ramani zake ni maofisa takwimu wa wilaya, siyo wahandisi.

Ugumu uliopo ni wa data, na unarudia sura zilezile kila mahali, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu.

Kwanza mipaka. Metabase inakuja na ramani ya nchi za dunia na ya majimbo ya Marekani. Ya mikoa yetu unaileta mwenyewe kwa faili la GeoJSON lisilozidi megabaiti 5. Faili la kata zote za Tanzania litazidi kiwango hicho kwa urahisi, lakini mapshaper, zana ya bure inayofunguka kwenye kivinjari, italipunguza kwa kulainisha mikunjo ya mipaka ambayo jicho halingeiona hata hivyo. Angalia pia umri wa faili. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilifanywa mikoa mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Mafaili ya zamani bado yanazagaa mtandaoni, na ukilichukua mojawapo mauzo ya Songwe hayataonekana popote, wala programu haitakuonya. Kenya hali ni hiyohiyo: kuna mafaili yenye mikoa minane ya kale na yenye kaunti 47 za leo.

Pili majina. Programu inaoanisha safu yako na faili la mipaka herufi kwa herufi. Murang'a iliyoandikwa bila kibainishi ni mahali pengine kabisa kwake. Taita Taveta yenye mkwaju katikati nayo hivyo. Tumia misimbo ya ISO badala ya majina, kwa mfano TZ-02 kwa Dar es Salaam, na adha hii inakwisha.

Tatu mpangilio wa majiranukta. GeoJSON, kwa kanuni yake iliyoandikwa rasmi mwaka 2016, inataka longitudo itangulie; Leaflet inataka latitudo itangulie. Ukizigeuza, Dar es Salaam inahamia Extremadura, magharibi ya Hispania karibu na Ureno, na Nairobi inazama Bahari ya Mediterania. Ukiacha alama ya kutoa kwenye latitudo ya Dar es Salaam, wateja wako watatokea kusini mwa Ethiopia. Ukiacha nafasi wazi na mfumo ukajaza sifuri mbili, watakwenda Ghuba ya Guinea. Makosa haya yana faida moja: yanaonekana mara moja, kwenye ramani yenyewe. Kwenye jedwali yangekaa mwaka mzima bila mtu kuyagundua. Ndiyo maana nasema ramani ikaguliwe siku ya kwanza kwa jicho la dereva au afisa mauzo anayepajua mahali, siyo la fundi peke yake.

Dai la tano: programu huria si salama, data za wateja zitatoka nje.

Inafaa kujua kinachosafiri na kisichosafiri. Ramani ya chini huja kwa vigae, picha ndogo za mraba zinazopangwa bega kwa bega. Kivinjari kinapoihitaji Kariakoo kwa kiwango cha 12 cha kukuza kinaiomba seva ya vigae kipande 12/2494/2125, basi. Seva hiyo inajua kwamba anwani fulani ya mtandao imeomba kigae cha katikati ya Dar es Salaam. Haijui mteja wako ni nani, anadaiwa kiasi gani, wala kama una mteja hapo. Nukta zako zinachorwa juu ya kigae ndani ya kompyuta ya anayetazama, kutoka hifadhidata yako. Ukitaka hata lile ombi la kigae lisitoke, weka vigae kwenye seva yako. Protomaps imeleta faili liitwalo PMTiles linalobeba ramani ya nchi nzima ndani ya faili moja, unaloliweka mahali popote unapohifadhi mafaili ya tovuti. Kwa benki au hospitali ndiyo njia ningeishauri.

Hofu nyingine katika dai hili ni kwamba leseni ya OpenStreetMap italazimisha data zenu ziwe za umma. Hapana. Leseni hiyo, ODbL, inakutaka uiweke wazi hifadhidata ya OpenStreetMap uliyoiboresha na kuitoa kwa umma. Kuchora wateja wako juu ya ramani yake hakuigusi orodha ya wateja wako. Metabase na Grafana nazo zina leseni ya AGPL, ambayo haikudai kitu ukizitumia ndani ya ofisi kama zilivyo.

Hatari ya kweli iko kwingine na inahusu heshima kwa watu. Nyumba ya mteja ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019; ya Tanzania ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Dashibodi inayoonyesha mlango wa kila mdaiwa kwa kila mfanyakazi ni kosa hata kama programu yake iligharimu mamilioni. Meneja wa mauzo anahitaji kata na idadi. Nukta ya nyumba anaihitaji anayekwenda nyumbani hapo, kwa siku anayokwenda. Hilo hupangwa kwenye hifadhidata, kabla data hazijafika kwenye ramani, na aliyelipanga vizuri hana la kuogopa kwenye zana huria.

Dai la sita, kwamba intaneti yetu ni hafifu, lina jibu fupi. Leaflet ikiwa imebanwa ni kilobaiti 42 hivi, ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Kinacholemea ni kumwaga pini elfu ishirini kwa pamoja; zikusanye kwa kiongezi cha markercluster, ambacho huonyesha duara moja yenye namba hadi mtu akuze, na simu ya kawaida itaimudu. Kwa ofisi ambayo mtandao hukatika, vigae vilivyo kwenye seva ya ndani havihitaji intaneti kabisa.

Limebaki dai ambalo halitoki kwa wapinzani. Linatoka kwa wenzangu, na linaniudhi zaidi kwa sababu hiyo: ni bure, hatudaiwi kitu.

Tunadaiwa. Seva za vigae za OpenStreetMap zinaendeshwa kwa michango, na masharti yake yameandikwa: hairuhusiwi kupakua vigae kwa mafungu, hairuhusiwi kuzibebesha matumizi mazito, na huduma inaweza kukatwa bila taarifa. Dashibodi ya watu kumi haitazisumbua. Mfumo unaofunguliwa na mawakala elfu tano kila asubuhi uwe na vigae vyake, au ulipe mtoa huduma wa vigae. Geofabrik inatoa data za Tanzania, Kenya na nchi nyingine kila siku kwa anayetaka kutengeneza vyake. Pia leseni inataka wachangiaji wa OpenStreetMap watajwe kwenye ramani. Nimeona dashibodi nyingi ambazo maandishi hayo ya pembeni yamefutwa ili nembo ya kampuni ikae peke yake. Huko ni kuvunja leseni, na ni kuwafuta walioitembea Kibera na Tandale kwa miguu.

Kuna deni moja zaidi lisiloandikwa kwenye leseni yoyote. Kampuni za usambazaji ndizo zenye madereva wanaojua daraja lipi limebomoka Rufiji na njia ipi haipitiki masika. Mkurugenzi mmoja aliniuliza kwa nini aziweke habari hizo kwenye ramani ambayo mshindani wake ataisoma. Jibu langu ni kwamba barabara anazoziona kwenye dashibodi yake ziliwekwa na watu ambao hawakumuuliza yeye ni nani. Kwa mawakala, bei na madeni yake, afunge mlango. Daraja lililobomoka aliweke wazi wiki hii, kabla gari la mtu mwingine halijafika hapo usiku.